Kikundi Chenu Kikienda Kuona Maabara



Tukitaja ziara za mafunzo, vikundi vingi huomba kupelekwa kuona ng'ombe wa maziwa, au kisima cha pampu, au kikundi cha jirani kinachofuga kuku vizuri. Hizo ni ziara nzuri, tutaendelea kuzipanga. Lakini hapa kwetu, kati ya Kilifi na Ngomeni, kuna mahali pawili ambapo wataalamu hutoka nchi za mbali kuja kufanya kazi, na sisi wenyeji tunapita nje ya ukuta tu, ndani ya matatu. Mahali pa kwanza ni maabara za Kemri mjini Kilifi, zilizo pamoja na hospitali ya kaunti. Pa pili ni kituo cha anga cha Waitaliano huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambacho wazee mpaka leo wanakiita San Marco.

Katika toleo hili tunaeleza mna nini ndani, na kwa nini tunaona kikundi kinafaa kwenda. Sababu yetu si kushangaa mitambo. Ni kwamba damu ya watoto wetu inaingia katika maabara ya Kilifi, na hesabu za nyumba zetu zimo ndani ya kompyuta zake. Anayetoa kitu chake ana haki ya kujua kinakwenda wapi na kinafanyiwa nini.

Tuanze na neno ambalo watu hulisema chini chini: mumiani. Kemri ni taasisi ya serikali, iliundwa mwaka 1979. Utafiti wa Kilifi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Wellcome la Uingereza, ulianza mwaka 1989. Akina mama waliokuwa na watoto wachanga wakati huo leo ni nyanya. Miaka yote hiyo maneno yamekuwepo: ati damu inauzwa, ati mle ndani wanaabudu shetani. Hadithi ya mumiani ni ya zamani kuliko Kemri. Enzi za mkoloni, hata Nairobi, watu walikimbia gari la zimamoto wakisema linakusanya damu. Sisi hatuwacheki watu hao. Ukichukuliwa kitu mwilini, usielezwe vizuri, ni lazima ujaze mwenyewe pale palipoachwa wazi. Watafiti wa Kilifi wenyewe wameandika juu ya uvumi huo, na ndiyo sababu moja walianza kuwa na wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji, na kuwafungulia milango ya maabara wanafunzi na wakaaji.

Basi mkiingia mtaona nini? Kwanza mtaona vitu vidogo kuliko mlivyofikiri. Damu ya utafiti hupimwa kwa vijiko vya chai. Kijiko kimoja cha chai kinabeba mililita 5. Damu ya kuongezewa mgonjwa ni mililita 450 hivi kutoka kwa mtu mmoja, na inawekwa katika mfuko maalum wenye dawa ya kuizuia isigande. Damu iliyokwisha kuzungushwa kwenye mashine na kutiwa rangi za uchunguzi haiwezi kurudishwa ndani ya mwili wa mtu yeyote. Hiyo ni hesabu ambayo kila mama anaweza kuifanya mwenyewe.

Pia mtaona friza zinazogandisha mpaka nyuzi 80 chini ya sifuri. Na kuna matangi ya hewa ya naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kifuniko kikifunguliwa hutoka moshi mweupe unaotambaa chini. Usiogope, na usitie mkono. Ni unyevu wa hewa yetu ya pwani unaoganda ghafla, kama ule ukungu unaotoka kwenye friji ya soda, ila huu ni mkali mara nyingi.

Sasa tufike kwenye leza, maana jina hili huwatisha watu wengi. Leza ni mwanga tu. Taa ya koroboi hutawanya mwanga kila upande, na ndani ya mwanga huo kuna rangi nyingi zimechanganyika. Ni kama watu wanaotoka sokoni Marikiti, kila mtu na njia yake. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, unakwenda upande mmoja, kwa hatua moja, kama wachezaji wa ngoma waliozoeana. Ndiyo maana hautawanyiki, na unaweza kulenga kitu kidogo sana. Wa kwanza kuutengeneza alikuwa Theodore Maiman, huko California, mwaka 1960. Leo mnao majumbani bila kujua. Mashine ya kuchezea CD husoma nyimbo kwa leza, na kule supamaketi ya Malindi ule mwanga mwekundu unaosoma mistari ya bei mara nyingi ni huo huo. (Na hapa neno kwa wazazi: zile tochi ndogo za leza wanazouziwa watoto si za kuchezea. Ukiumulika jichoni unaweza kuchoma sehemu ya nyuma ya jicho, na haiponi.)

Katika maabara leza inatumika kuhesabu chembe za damu. Fikirini josho. Ng'ombe wa kijiji kizima wako nje, wamechanganyika, huwezi kuwahesabu. Lakini wakipitishwa katika kile kipito chembamba, mmoja nyuma ya mwingine, bwana mifugo anasimama pembeni anahesabu, na anaona pia yupi mkubwa, yupi mdogo, yupi ana kidonda. Mashine hiyo ni josho la chembe. Damu inachanganywa na maji maalum, kisha inasukumwa katika mfereji mwembamba sana mpaka chembe zinapita moja moja. Mbele yake kuna mwale wa leza. Kila chembe ikipita, inakatiza mwanga. Mwanga uliokatizwa kwa mbele unaonyesha ukubwa wa chembe, na ule uliorudi kwa ubavuni unaonyesha ndani yake mna nini. Tena kabla ya hapo chembe hutiwa rangi zinazoshika aina moja tu ya chembe, zikipigwa na leza zinang'aa. Mashine inasoma chembe maelfu kwa sekunde moja, na kompyuta inaandika zote.

Wanachama wa vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wanaijua kazi hii kuliko wengine, hata kama hawakuiona mashine. Ile hesabu ya CD4 iliyokuwa ikiandikwa kwenye kadi ilitoka kwenye mashine za namna hii. Zamani mtu alisubiri CD4 ishuke chini ya 200 ndipo aanzishiwe dawa. Baadaye kiwango kikapandishwa, na tangu 2016 hapa Kenya kila anayepatikana na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri. Ni wangapi walirudishwa nyumbani kwa sababu ya namba iliyotoka kwenye mwale wa mwanga, wakaambiwa bado? Tunaona ni vizuri watu waione mashine iliyowapa namba hiyo.

Watafiti wa malaria nao wanatumia josho hilo hilo kujua ni kingamwili zipi zinazoshika chembe nyekundu iliyoingiwa na vimelea. Mtoto wa hapa akiugua malaria mara kadhaa mwili wake hujifunza, akawa haugui tena vikali. Kuelewa mwili umejifunza nini ni njia mojawapo ya kutafuta chanjo. Kilifi imekuwa moja ya vituo vya majaribio ya chanjo mbili za malaria ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipitisha, ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023.

Chumba cha kompyuta kwa macho hakina kitu. Ni makabati yenye vitaa vinavyowaka-waka, kelele za feni, na baridi kali kwa sababu mashine hizo zikipata joto la Kilifi zinaharibika. Lakini kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kila kiumbe kina maandishi ndani ya chembe zake, yanayoamua kiwe nini. Wengi mmesikia DNA katika kesi za watoto. Maandishi hayo yana herufi nne tu, zikirudiwa-rudiwa. Kirusi cha korona kina herufi kama 30,000. Kimelea cha malaria kina kama milioni 23, na maandishi yake yalisomwa yote na kutangazwa mwaka 2002. Binadamu ana bilioni 3. Shida ni kwamba mashine nyingi haziwezi kusoma mstari mrefu namna hiyo kwa mara moja. Zinasoma vipande vifupi.

Chukueni kitabu cha kumbukumbu za kikundi chenu. Kitoeni kopi mia moja. Kisha wapeni watoto mikasi wakate kopi zote vipande vya maneno kumi kumi, kila mtoto aanze kukata pale anapotaka. Changanya vipande vyote kwenye gunia. Je, katibu anaweza kukiandika kitabu upya? Anaweza, kwa sababu mwisho wa kipande kimoja unafanana na mwanzo wa kingine, maana kila kopi ilikatwa mahali tofauti. Lakini atazeeka kabla hajamaliza. Kompyuta yenye nguvu hufanya kazi ya katibu huyo, kwa vipande mamilioni, na inamaliza kwa saa au siku chache.

Hivi hii inamsaidia nini mama wa Ganze au Magarini? Mnakumbuka klorokwini. Miaka ya themanini ilikuwa dawa ya kila nyumba. Halafu watoto wakawa wanameza na homa haishuki. Mwaka 1998 serikali ikaiacha, ikaingiza Fansidar, na mwaka 2004 ikaamua kubadilisha tena kwenda dawa za mchanganyiko tunazotumia sasa. Kilichotokea ni kwamba vimelea vilibadilisha herufi chache katika maandishi yao, moja ikiwa kubwa kuliko zote kwa klorokwini, na dawa ikakosa pa kushika. Sasa, watafiti wa Kilifi walichukua sampuli za damu zilizotunzwa kwenye friza tangu 1993, wakazilinganisha na za mpaka 2006. Wakaona kwamba baada ya dawa kuachwa, alama ile ya usugu ilikuwa inapungua. Jambo hilo lisingejulikana kama damu ya 1993 ingemwagwa.

Hapo ndipo tunataka vikundi visimame kidogo. Damu ya mtoto aliyelazwa hospitalini mwaka 1993 ilifanyiwa kazi zaidi ya miaka kumi baadaye. Ni kazi yenye faida, hatusemi vingine. Lakini swali la haki ni hili: siku damu inapotolewa, mzazi anaelezwa kwamba itatunzwa? Anaelezwa kwamba huenda ikatumika kwa uchunguzi ambao leo haujafikiriwa, na kwamba sehemu inaweza kupelekwa nje ya nchi? Kwa utaratibu wa leo mambo hayo yanatakiwa yawe katika maelezo anayosomewa kabla ya kutia sahihi au kidole, na kila utafiti wa Kemri hukaguliwa kwanza na kamati yao ya maadili. Mzazi ana haki ya kukataa kutunziwa damu na bado akakubali mengine. Ana haki ya kukataa yote, na mtoto akatibiwa kama kawaida. Tunarudia: matibabu ya hospitali hayategemei kukubali utafiti. Ukiambiwa vingine na mtu yeyote, uliza jina lake.

Jambo la pili ni daftari la watu. Tangu mwaka 2000 wafanyakazi wa Kemri wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika eneo la kilomita za mraba 891 kuzunguka Kilifi, lenye watu zaidi ya robo milioni, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Watu huchoka na maswali hayo. "Jana ulikuja, leo tena?" Lakini ni daftari hilo, likiunganishwa na rekodi za wadi ya watoto, linaloweza kuonyesha kama jambo fulani linasaidia kweli. Jaribio la neti zilizotiwa dawa, lililofanyika Kilifi miaka ya tisini, lilionyesha vifo vya watoto kupungua kwa kama theluthi moja, na kulazwa kwa malaria kali kupungua kwa asilimia 44. Watu wa Kilifi walitoa ushahidi ambao ulisaidia neti kukubaliwa Afrika nzima. Tena mwaka 2011 Kenya ilipoanza chanjo ya nimonia, ile ya bakteria wanaoitwa nyumokokasi, rekodi za Kilifi zilionyesha kwamba ugonjwa mkali wa bakteria waliolengwa na chanjo ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo mkifika chumba cha kompyuta msiishie kupigwa na baridi. Ulizeni: jina langu liko humu, au ni namba tu? Nani anaweza kufungua? Mtafiti wa nje akitaka data hizi anaomba kwa nani? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuuliza habari zake zinatumiwaje, na haichagui aliyesoma na asiyesoma.

Ngomeni ni habari nyingine. Pale hakuna damu. Kuna madishi makubwa yanayotazama juu, na ukisimama ufuoni utaona majukwaa ya chuma baharini. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walirusha setilaiti kutoka pale kwa roketi ya Kimarekani. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, nyuzi tatu tu kusini. Dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita karibu 1,670 kwa saa kwenye mstari wa ikweta, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure, na mbele yake ni bahari tupu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama anga kwa eksirei, na iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ni wangapi kati ya watoto wa shule za Malindi wanaojua kwamba jina Uhuru lilipaa kutoka kwao?

Roketi ya mwisho iliondoka mwaka 1988. Baada ya hapo kazi imekuwa kufuatilia setilaiti na kupokea habari zake. Kwa mfano NuSTAR, darubini ya Marekani iliyorushwa mwaka 2012, imekuwa ikishusha data zake hapo Malindi. Setilaiti ikipita juu yetu ina dakika chache tu za kusema yote iliyoyaona, dishi linayapokea, na kompyuta zinayatuma ng'ambo. Na sisi jirani tunapata nini? Swali hilo limeulizwa kwa miaka mingi katika kaunti hii. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia sahihi mkataba mpya, wenye mambo ya mafunzo kwa Wakenya na data za kuitazama ardhi kutoka juu, na mwaka 2017 tukawa na shirika letu la anga. Picha za namna hiyo zinaweza kuonyesha mikoko inapungua wapi, au Mto Sabaki umefurika mpaka wapi. Kikundi cha wavuvi au cha mikoko kina sababu nzuri ya kuuliza picha hizo zinapatikanaje, na vijana wa Ngomeni waliofuzu mafunzo ni wangapi.

Ngomeni ni mahali pa ulinzi, msiende bila barua iliyojibiwa. Kilifi pia andikeni mapema, kupitia ofisi yao inayoshughulika na jamii au mwakilishi wa Kemri wa eneo lenu. Semeni ni watu wangapi. Kumi na tano wanatosha, maana vyumba ni vidogo na baadhi ya milango haifunguliwi kwa mgeni yeyote. Ombeni mtu wa kueleza kwa Kigiriama kama mna wazee wasiosikia Kiswahili cha kitabuni. Chagueni wanaokwenda kwa busara: msipeleke viongozi peke yao. Mpelekeni yule mama anayesema waziwazi kwamba haamini, na baba mmoja ambaye mtoto wake amewahi kuchukuliwa damu. Tunajua kikundi kimoja kilichozuru mahali pengine kikarudi na kofia na picha, na hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Andikeni maswali matano kabla ya kuondoka, kila mtu ashike lake. Katibu aandike majibu, na jina la ofisa aliyejibu. Swali likikosa jibu siku hiyo, ombeni tarehe ya kujibiwa, muiandike. Ziara ni ya kikundi, kwa hiyo taarifa isomwe kwenye mkutano unaofuata, kabla ya mchango wa mwezi kuhesabiwa, wakati watu wote bado wako. Vikundi vitakavyotaka kusaidiwa kuandika barua vilete maombi ofisini siku za kazi, pamoja na orodha ya majina na namba ya simu ya katibu. Nauli mtajitegemea.